Kipimaunyevu chako kinasema kweli? Jinsi ya kukijaribu kwa chumvi, kukitunza na kujua kimechoka

Kati ya gunia la mahindi litakalofika Juni likiwa salama na lile litakaloota ukungu kabla ya Krismasi, tofauti huwa ni pointi chache za unyevu. Hewa iliyo katikati ya punje ikikaa chini ya asilimia 65, ukungu hauna pa kushika. Ikipita 70, unaanza kazi. Sasa chukua kile kipimaunyevu cha shilingi mia kadhaa kinachouzwa Nakuru na Kisumu, ambacho kwa kawaida huweza kukosea kwa pointi tano, juu au chini. Kikionyesha 64, ukweli unaweza kuwa 59, ukafunga magunia na kulala usingizi. Unaweza pia kuwa 69, na hapo mahindi yalistahili kurudi kwenye turubai.

Sikwambii usikinunue. Kifaa kinachokosea kwa pointi tano kila siku, upande uleule, kinafaa kabisa mradi umeliandika kosa lake mgongoni. Kinachotia hasara ni kosa usilolijua, na lile linalohama wiki hadi wiki. Yote mawili yanagunduliwa kwa kijiko cha chumvi na usiku mmoja wa subira.

Kwanza, unapima hewa au unapima punje?

Mita ya nafaka, ile ya kumiminia punje au kudunga guniani, hupima maji yaliyo ndani ya punje kwa uzito. Ndiyo inayotumika langoni pa Bodi ya Nafaka na Mazao, na kikomo chao ni asilimia 13.5. Mita nzuri ni ghali, ndiyo maana wakulima wengi huishia kuiazima au kukisia kwa jino.

Kipimaunyevu hupima hewa tu. Lakini ukifungia mahindi mengi na hewa kidogo ndani ya chombo kisichovuja, punje na hewa hupeana mvuke mpaka zipatane, na tangu hapo hewa inazungumza kwa niaba ya punje. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, hewa ya asilimia 65 ina maana mahindi yako kwenye 13 na kitu. Hewa ya 70 ni mahindi ya 14 hivi, na hewa ya 75 ni mahindi ya karibu 15.

Hiyo 75 ishike vizuri. Pengine umeshafundishwa na afisa wa kilimo lile jaribio la chupa: unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, unaacha kidogo, kisha unatazama kama chumvi imeganda ukutani. Ikiganda, mahindi ni mabichi. Sababu yake ni kwamba chumvi ya mezani huanza kunywa maji ya hewani pale hewa inapofika asilimia 75. Chini ya hapo inabaki kavu inateleza. Kwa hiyo chupa ile inajua jambo moja tu: uko juu au chini ya mahindi ya asilimia 15. Mahindi ya 14.5 yatapita mtihani wa chupa asubuhi na kukataliwa na bodi mchana. Pengo hilo kati ya 15 na 13.5 ndilo kipimaunyevu kinaweza kuliziba, na chumvi ileile ndiyo tutakayotumia kukihoji.

Wanaolitumia sana jaribio hili la kukihoji kipimaunyevu kwa chumvi duniani ni watu wa biri, zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyokunjwa. Huzihifadhi kwenye visanduku vya mbao ziitwazo mwerezi wa Kihispania, kwa unyevu wa asilimia 65 hadi 72. Zikikaa chini ya hapo jani hukakamaa na kupasuka, zikikaa juu ya hapo ukungu huingia. Mkulima wa tumbaku wa Migori hahitaji kuelezwa hili. Sanduku la biri hugharimu kuliko magunia yetu mengi, kwa hiyo wenyewe hawaamini kipimaunyevu chochote kabla hakijalala usiku mmoja na chumvi. Nasi tuige.

Kilicho ndani ya kifaa

Vya mshale huwa vya aina mbili. Kuna vya unywele, uvumbuzi wa Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva mnamo 1783: unywele wa binadamu hurefuka kwa asilimia 2 hivi hewa inapotoka ukavu mtupu hadi kulowa kabisa, na mshale hufuata. Hivi ni vizuri vikitunzwa, ila ni adimu huku kwetu. Cha mshale unachokiona sokoni kwa kawaida kina ukanda wa chuma uliobandikwa karatasi yenye chumvichumvi na kuviringishwa. Kosa la pointi 10 kwake ni la kawaida, na kikishachoka mshale hauendi wala haurudi. Uzuri wake ni sura tu.

Vya dijitali vina kihisi kidogo chenye utando wa plastiki maalumu unaonyonya na kutoa mvuke, na umeme hupima badiliko hilo. Mafundi wetu wanaounda mashine za kutotolea mayai hupenda kihisi cha buluu kiitwacho DHT11. Kosa lake lililotangazwa ni pointi 5. Ndugu yake mweupe, DHT22, hutangazwa kwa 2 hadi 5. Kwamba skrini inaandika 63 badala ya mshale unaotetemeka karibu na 60 hakuongezi ukweli wowote. Muuzaji akikipulizia pumzi mbele yako na namba ikaruka, amekuonyesha kwamba kiko hai, basi.

Ukiweza nunua viwili, ikiwezekana vya aina tofauti. Viwili vya kundi moja vikikubaliana si ushahidi mkubwa, maana vinaweza kuwa na kosa moja.

Jaribio la chumvi, hatua kwa hatua

1. Kiache kifaa siku nzima ndani ya chumba kikavu chenye hewa. Watengenezaji wa vihisi wanaeleza kwamba kihisi kikikaa saa 60 hivi kwenye hewa inayozidi asilimia 80 kinaweza kuinuka kwa pointi 3, halafu kikashuka polepole kikirudi pakavu. Kisumu msimu wa mvua usiku kama huo si ajabu. Weka pia betri mpya, usijaribu kifaa chenye skrini iliyofifia.

2. Chukua chumvi safi ya mezani. Madini ya joto yaliyotiwa ndani yake ni kidogo mno kuharibu jaribio. Magadi hayafai, wala chumvi ya mawe ya ng'ombe, kwa kuwa yamechanganyika na vitu vingine vinavyovuta maji kwa kiwango chake.

3. Jaza chumvi kwenye kifuniko cha chupa ya maji, kisha dondoshea maji tone kwa tone mpaka iwe tope zito. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Chumvi inatakiwa ilowe yote bila kuyeyuka yote: uone punje, na usione maji yakielea. Maji yakizidi na chumvi ikayeyuka ikaisha, hewa itapanda juu ya 75 na utakilaumu kifaa bure. Yakizidi, ongeza chumvi.

4. Weka kifuniko hicho na kipimaunyevu ndani ya chombo kidogo, kinachoonyesha ndani na kinachofunga kabisa. Mfuko wa zipu unafaa ukiacha hewa ndani, na kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana ni bora zaidi. Kadiri hewa ilivyo chache ndivyo itakavyotulia mapema. Hakikisha chumvi haikigusi kifaa. Tone moja la maji ya chumvi kwenye matundu ya kihisi hutosha kukiua.

5. Tafuta mahali ambapo joto halibadiliki. Juu ya kabati chini ya mabati hapafai: mchana ni tanuri, usiku ni baridi. Badiliko la nyuzi moja tu huweza kusogeza hewa ya 75 kwa pointi 4 hivi kabla haijatulia tena. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku la nguo, panafaa. Ukitulia hivyo, hali ya hewa ya nje haikuhusu: kati ya nyuzi 20 na 30 hewa juu ya tope la chumvi hukaa kati ya 75.5 na 75.1, uwe Kisumu kando ya ziwa au Nakuru kwenye mita 1,850.

6. Subiri. Saa nane ni kima cha chini, na usiku kucha hadi saa ishirini na nne ni bora. Soma ukiwa nje ya chombo. Ukifungua kutazama, anza kuhesabu upya.

7. Rudia usiku wa pili. Usomaji mmoja unakuonyesha kosa. Wa pili unakuonyesha kama kosa hilo linatulia, na kwangu mimi huo ndio wenye uzito zaidi.

Wapo watakaokushauri ukifunge kifaa kwa taulo lililolowa ukitarajie 100. Ushauri huo unafaa cha unywele tu, ambacho huhitaji kulowanishwa hivyo mara kwa mara ili unywele urudi hali yake. Kwa cha dijitali usifanye. Vihisi vingi hukosea zaidi juu ya 90, na umande ukiingia ndani umejitafutia kazi nyingine.

Kuliandika kosa

Kikisoma 71 kwenye chumvi, kinapunguza, hivyo utaongeza 4 kila unaposoma. Kikisoma 80 kinazidisha, hivyo utaondoa 5. Kikiwa cha mshale, huwa kuna skrubu ndogo nyuma: izungushe kwa bisibisi taratibu kifaa kikiwa kimetoka chomboni muda huohuo, kabla mshale haujahama. Baadhi ya vya dijitali vina kitufe cha kurekebisha. Kwa vilivyobaki, kipande cha selotepu mgongoni kinatosha: "ONGEZA 4", na tarehe. Andika "ongeza" au "ondoa", usiandike alama tu ya kujumlisha, maana mwenzako nyumbani hatajua kama alama hiyo ni kosa au ni dawa yake.

Marekebisho haya ni ya kuaminika karibu na 75. Kwa mahindi na kwa biri hiyo inatosha, kwa kuwa tunacheza kati ya 60 na 75. Kwa mashine ya vifaranga inayohitaji 50 na kitu, tumeshaanza kusogea mbali.

Kukitumia kwenye mahindi

Msimu wa kazi hii haufanani kote. Kakamega na Bungoma mavuno ya mvua ndefu yanaweza kukutana na mvua nyingine mwezi wa nane. Trans Nzoia na Nakuru mengi huvunwa kuanzia Oktoba, na mwaka ambao mvua za mwisho zinachelewa kukatika, turubai haikauki. Ukungu wa mahindi si habari ya harufu tu. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini iliua watu 125 upande wa mashariki, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, na mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu ndiyo yaliyotajwa.

Chota punje kutoka magunia kadhaa, chini, kati na juu, uzichanganye. Ziache kivulini zipoe kwanza. Mahindi yaliyotoka juani yakiwa moto huisukuma hewa juu kwa pointi kadhaa hata kama maji yake ni yaleyale, na ukiyapima hivyo utaendelea kukausha yaliyokwisha kukauka, huku ukipoteza uzito unaouza. Jaza chupa ya mdomo mpana robo tatu, kilaze kipimaunyevu juu ya punje uso ukitazama nje, funga. Namba itakimbia dakika za mwanzo, halafu itatambaa. Kipe saa nzima, au zaidi kama bado inasogea, kisha soma na utie marekebisho yako.

Baada ya marekebisho, chini ya 65 hifadhi. Kati ya 65 na 70 siyafungi kwenye mifuko isiyopitisha hewa: nayapa jua la siku nyingine, kwa kuwa ndani ya mfuko huo maji hayana pa kutokea. Juu ya 70 usibishane na kifaa.

Kama kifaa chako kinayumba kwa pointi 2 kati ya jaribio na jaribio, shusha kikomo chako hadi 63. Mwenye kifaa kibaya zaidi akaushe zaidi. Hiyo ndiyo bei ya kifaa rahisi, na bado ni nafuu kuliko mita.

Mashine ya kutotolea mayai

Mayai ya kuku huhitaji nyuzi 37.5 kwenye mashine yenye feni, na unyevu wa asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 siku tatu za mwisho. Ukipata magnesi kloridi kwa wauzaji wa kemikali za maabara, tengeneza tope lake vilevile: litakupa 33. Tuseme kifaa kilisoma 79 kwenye chumvi ya mezani na 33 kamili kwenye hii. Kosa ni 4 huku na sifuri kule, basi kwenye 55, ambayo iko katikati, ondoa 2.

Usipoipata, tumia vipimajoto viwili vya kioo. Viweke pamoja kwanza uone vinakubaliana. Kisha kimoja kivishe utambi wa pamba safi uliochovywa kwenye maji, ukiweke pale feni inapopulizia. Cha kavu kikiwa 37.5 na cha utambi 29, kwa Nakuru na Kisumu una asilimia 54 au 55 hivi. Siku za mwisho utafute 31.5 hadi 32. Majedwali mengi yaliyochapishwa yamepigwa kwa usawa wa bahari, kwa hiyo huku juu yatakupa namba iliyo chini kwa pointi moja au mbili. Utambi uliokauka au uliojaa chokaa ya maji ya kisima utakudanganya zaidi ya kihisi chochote, ubadilishe.

Kinachokiua

Vihisi bora, kwa mfano vya Sensirion ya Uswisi, hutangazwa kuhama chini ya robo pointi kwa mwaka. Hiyo ni ndani ya hewa safi, na ghala letu si hewa safi.

Vidonge vya kufukizia fukusi hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo hula shaba. Ndani ya kila kifaa cha dijitali kuna nyaya na viungo vya shaba. Toa kipimaunyevu kabla ya kuweka kidonge, usikirudishe mpaka muda wa kufukiza uishe na ghala liingie hewa. Kwa mashine ya vifaranga, mvuke wa formalini wa kuua vijidudu hukigeuza kihisi. Kichomoe nacho kabla. Amonia ya banda lenye matandiko yaliyolowa hufanya vivyo hivyo, ila polepole, na ukiisikia puani ujue kihisi kiliisikia zamani.

Rangi mbichi, tina, gundi na dawa za kupuliza huacha mabaki kwenye utando. Moshi pia. Nyumba nyingi magharibi bado zinahifadhi mahindi darini juu ya jiko la kuni, na moshi huo unafukuza wadudu kweli, lakini usikiache kifaa huko. Pima, kisha kishushe. Vumbi la punje na manyoya ya vifaranga huziba matundu. Papasa kwa brashi laini iliyo kavu. Kitambaa chenye spiriti kisikaribie.

Kikilowa umande, toa betri, kifungie na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, ukiweke mahali penye uvuguvugu siku mbili tatu. Kisha chumvi tena. Usikianike juani wala kukiweka kando ya jiko.

Kujua kimechoka

Jaribu kila baada ya miezi sita, na moja ya mara hizo iwe wiki mbili kabla ya kuvuna. Jaribu pia kila unapobadilisha betri, na kila kinapopatwa na mvuke wa dawa. Andika matokeo sehemu moja, hata kama ni nyuma ya mlango wa ghala.

Kosa likitoka 3 likafika 4 mwaka uliofuata, badilisha selotepu uendelee. Yakipishana majaribio mawili ya wiki moja kwa zaidi ya pointi 3, sikiamini tena hata kama wastani wake unapendeza. Kosa likizidi 10, mimi hukitoa. Kinachoganda kwenye namba moja asubuhi na alasiri kimekwisha, na kile kinachochukua nusu siku kushuka baada ya kutoka kwenye chumvi kinaelekea huko. Cha bei ya chini kwenye mazingira ya ghala au banda, mimi huhesabu miaka miwili, na kikizidi hapo ni bahati njema. Cha kwenye sanduku safi la biri kinaweza kuishi mara kadhaa ya hapo.

Kipya kikija, kilaze na cha zamani ndani ya chombo kimoja cha chumvi usiku wa kwanza, hata kama karatasi yake imeandikwa pointi 2. Cha zamani kabla ya kukitupa kichomoe betri. Zile za mviringo kama kitufe ni hatari kwa watoto: ikimezwa na kukwama huunguza koo ndani ya saa mbili tu, na mtoto hupelekwa hospitali papo hapo, hata kama halii.